Mwanamke Aliyelala Kwenye Korido

Watu wa mtaa wetu pale Bagamoyo walikuja kwetu kutazama kipindi cha televisheni mara mbili tatu, wakaondoka wakisonya. Walitaka mizinga. Walitaka watu warushiane mateke kama kwenye zile picha za karate ambazo vijana walizifuata Dar es Salaam, wakirudi hawakai na mtu salama. Badala yake wakakuta watu sita wamefungiwa ndani ya chombo cha chuma, huko juu angani, wanatengeneza pampu ya maji. Wiki ya kwanza pampu. Wiki ya pili pampu. Wiki ya tatu mzee mmoja akanuna kutwa nzima kwa sababu mwenzake kanywea kikombe chake. Jirani mmoja akainuka, akakung'uta kanzu, akasema, "Hata kwangu pampu imeharibika, mbona sijaona mtu kuja kunipiga picha?"

Wakaangua kicheko, wakaenda zao. Nikawasindikiza mpaka mlangoni, nikawaambia waende salama na wasirudi. Mume wangu akasema nimekosa adabu. Nikamwambia adabu yangu nimewawekea wanaojua kutazama.

Leo nimezeeka, meno yamebaki nusu, na kauli yangu ni ile ile: kile kilikuwa kipindi bora kuliko vyote nilivyoviona tangu macho yangu yaijue televisheni. Nimeona vingi baadaye, vya rangi, vya mizinga, vya watu wanaopaa. Vyote vinapita tu. Kile kiliniingia mwilini, nikakipigania, na kwa ajili yake niligombana na nusu ya ukoo wa mume wangu nikiwa ndani ya eda.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Huku bara televisheni haikuwapo. Unguja walikuwa wameshaanzisha yao, na mawimbi yake yalivuka maji yakaja mpaka kwetu bila kupiga hodi. Mume wangu alikuwa fundi redio. Tajiri mmoja wa mjini, mwenye asili ya Oman, alimwachia televisheni mbovu akamwambia aitupe au aifanye atakavyo. Akahangaika nayo miezi. Alipomaliza akafunga antena ya mabomba juu ya boriti la mkoko, akalisimika nyuma ya nyumba, na jioni ile Unguja ikaingia sebuleni kwetu, nyeusi na nyeupe. Upepo ukivuma, watu wa kwenye picha walipinda shingo. Hapo mmoja wetu alitoka kushika boriti na mwingine akapiga kelele dirishani, "Hapo hapo! Usiguse!"

Tuliishi na mama yake, ukuta mmoja kati ya chumba chetu na chake. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Msomaji wa habari akitokea na kusema hamjambo, yeye alivuta ushungi akajisitiri mpaka puani, akajibu kwa heshima zote, "Hatujambo, baba, sijui nyie." Alikuwa na hakika yule bwana anamwona. Mume wangu alimweleza mara kumi habari za picha na mawimbi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama hanioni, mbona ananitazama?"

Kipindi chetu kilikuwa Jumatano baada ya Magharibi, kwa Kiingereza. Mume wangu Kiingereza hakukijua. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, kwa hiyo ukalimani ukawa kazi yangu. Neno lililonishinda nililiruka, au nikatia langu. Hadithi yenyewe haikuwa na haraka na mtu. Watu sita wamewekwa kwenye kituo angani kuangalia mitambo, wanasubiri chombo cha kuwaletea wenzao wa zamu. Basi. Uliwajua kidogo kidogo, kama unavyowajua watu uliopanga nao nyumba moja: huyu anakula haraka haraka, huyu huimba akidhani yuko peke yake, huyu neno la kuomba radhi halimtoki kinywani hata umkabe. Wiki ya tano, yule mzee aliyenuna akamsogezea mwenzake kikombe kile kile mezani. Mume wangu akajipiga paja. "Umemwona? Umemwona huyo?" Hakuna aliyekufa, hakuna kilicholipuka, na sisi wawili tulikuwa tumesimama wima katikati ya sebule.

Na alikuwamo mwanamke wa makamo, fundi wa hewa. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba wenzake wanapata hewa ya kuvuta. Alikuwa na chumba chake, kitanda, shuka safi. Lakini kila taa zikipunguzwa, alichukua blanketi akaenda kujilaza kwenye korido, chini, mgongo ukutani. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyelisema. Picha ilimpita tu ikaenda kwingine, wiki baada ya wiki.

"Anawalinda wenzake," mume wangu akasema, tangu wiki ya pili.

"Anawalinda na nini? Huko kuna wezi? Huyo ana kitu kakificha chumbani mwake na anakiogopa."

"Thubutu! Mtazame anavyolala. Mtu anayeogopa hujikunyata. Huyo ametega sikio."

Tulibishana mezani, tulibishana kisimani, tulibishana taa ikiwa imeshazimwa. Kuna siku mama mkwe aligonga ukuta, "Mwacheni mwenzenu alale anapotaka, na nyie mlale!" Nilimwapia mume wangu kwamba siku ikijulikana nitamcheka mpaka ahame nyumba. Akasema tutaona nani atahama.

Jumatano ya saba alitazama akiwa amejifunika blanketi, anatetemeka. Tulidhani ni malaria kama malaria nyingine. Jumamosi alfajiri akafariki. Hata miaka thelathini na mitano alikuwa hajafika.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna hina, hakuna manukato, hakuna kuvuka kizingiti. Eda sikuipinga, mtu asinisingizie. Nilimpenda yule mwanamume na nilitaka kumkalia. Nilichokipinga ni nyongeza. Kila shangazi aliyekuja kutoa pole aliniachia sheria yake mpya: nisicheke, nisiketi kwenye kiti, nisisome gazeti, nisile pilipili. Pilipili! Marehemu alidhurika wapi na pilipili yangu?

Televisheni waliifunika khanga. Jumatano mbili zikapita hivyo. Saa ya kipindi ikifika nilikuwa nawashwa mwili mzima. Wale watu sita wako nyuma ya khanga wanaendelea na maisha yao, yule mwanamke anabeba blanketi lake kwenda kwenye korido, na mimi sijui kitu. Nguo za mume wangu zilikuwa zimeshagawiwa, vyombo vyake vya ufundi vimeshawekwa sandukuni, watu wameshamzungumza na kumaliza. Kitu kimoja tu kati yangu na yeye kilikuwa hakijaisha, nacho ni ule ubishi. Niliapa sitauacha ufie hewani. Nitajua nani alipatia, yeye au mimi, hata kama ukoo mzima utanuna.

Jumatano ya tatu nikainuka, nikaivuta ile khanga, nikawasha.

Mama mkwe alikuwa mkekani anachambua mchele. Nikangoja anifokee. Alinyanyua macho, akatazama watu waliopinda shingo, akaweka ungo chini. "Upepo wa juzi umeigeuza antena," akasema. Na kwa kuwa mimi siruhusiwi kutoka, akatoka yeye, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, akalikumbatia boriti kule nyuma.

"Hapo?"

"Bado, mama."

"Hapo?"

"Hapo hapo! Usiguse!"

Nikalia, sikatai. Kisha nikapangusa machozi kwa sababu yalikuwa yananizuia kuona.

Habari ikamfikia shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa na shamba Mapinga na nyumba hapo mjini. Asubuhi yake akaja, akasimama nje ya pazia la mlango.

"Shemeji, nasikia unakaa sebuleni na wanaume."

"Wanaume gani?"

"Hao wa kwenye televisheni. Mjane wa eda anakodolea macho wanaume wa watu! Nitaichukua niiweke kwangu, nikuondolee majaribu."

"Hapa haramu, kwako inageuka halali?"

"Mimi mwanamume."

"Basi kwako utakodolea wanawake. Na wewe nani atakuondolea majaribu?"

Nikasikia mama mkwe anakohoa kule jikoni, kikohozi ambacho hakikuwa na mafua ndani yake. Shemeji akasema ulimi wangu utaniponza. Nikamwambia ndio niliozaliwa nao, sina mwingine. Akaondoka ameshika njia ya kwa mwalimu wa chuo, yule aliyewasomesha watoto wa mtaa mzima Kurani, ili aje anikataze yeye.

Nami sikuketi kumngoja. Nilichana karatasi, nikaandika barua, nikamwomba mama mkwe aifikishe. Niliuliza swali moja: mwanamume aliyepigwa picha nchi ya mbali, ambaye hanioni wala hanisikii wala hajui kama nimezaliwa, ni mtu wa kujisitiri naye au siye? Na kama ndiye, basi na shilingi zina picha za wanaume, nizitupe?

Mwalimu akaja alasiri na shemeji nyuma yake. Wakaketi barazani, mimi nyuma ya pazia, mama mkwe kati yetu kama kawaida ya heshima. Mwalimu alikuwa mtu mkali na nilijiandaa kwa vita.

"Hicho kipindi," akasema, "kina mambo gani?"

"Kina watu wanaoishi pamoja, mwalimu."

"Wanafanya nini?"

"Wanatengeneza pampu."

"Matusi?"

"Hamna."

"Hebu simulia."

Nikasimulia. Nilikusudia kumpa kwa ufupi, lakini nani awezaye kukifupisha kile kipindi? Nikamtolea yule mzee wa kikombe, nikamtolea yule anayeimba, nikamtolea fundi wa hewa na blanketi lake. Shemeji akaguna kuashiria muda unakwenda, mwalimu akamnyamazisha.

"Sasa huyo mwanamke," akasema, "kwa nini hataki kulala chumbani mwake?"

"Ndilo ninalotaka kujua mimi, mwalimu! Ndilo hilo!"

Kisha akasema eda ni kukaa ndani, kuacha mapambo, na kutoposwa wala kuolewa, na kwamba hajaona mahali paliposema mjane asisikilize habari za watu. Nisipandishe sauti ikavuka mlango, na saa ya swala ikifika nizime. Shemeji akaondoka shingo upande. Tangu hapo kila Alhamisi mwalimu akipita kwenda msikitini alimwuliza mama mkwe mlangoni, baada ya salamu ndefu, "Na huko juu, kumejulikana?" Mama akajibu, "Bado." Mwalimu akatikisa kichwa akaenda zake.

Wiki zikawa zinakwenda hivyo. Na nitasema jambo ambalo wale wapenda mizinga hawawezi kulielewa. Mama mkwe hakujua hata neno moja la Kiingereza, na kuna siku nilikuwa nimechoka, sikumtafsiria kitu. Akatazama tu, ushungi puani. Akamnyooshea kidole yule anayeimba. "Huyu kuna mtoto kamwacha." Nikamuuliza kajuaje. "Mtazame anavyokunja nguo. Anazikunja ndogo ndogo." Nguo za mtu mzima, na kweli mikono yake ilikuwa inazikunja kama za mtoto. Zikapita wiki nne ndipo huyo bwana akatoa barua ya binti yake mfukoni. Nikamgeukia mama, na yeye anajitia hamnazo, anachambua mchele. Hicho ndicho kipindi nilichoambiwa hakina kitu ndani yake! Kilikuwa na kitu kwenye kila kidole cha kila mtu, mradi uwe na subira ya kukaa na kutazama.

Nilijaribu kumchimba kuhusu fundi wa hewa. Akakataa katakata. "Mimi siingilii ugomvi wa mtu na mkewe," akasema, na ikanifurahisha mno kwamba bado anatuhesabu mtu na mkewe.

Kisha mtangazaji akasema wiki ijayo ndiyo mwisho. Nikahesabu siku. Wiki ijayo, Jumatano ile ile, ndiyo siku ya kutoka eda.

Siku hiyo nikaogeshwa alfajiri, nikavishwa khanga mpya, nikafukizwa udi, mwalimu akasoma dua, watu wakala pilau. Mama yangu mzazi na kaka yangu walikuwa wamekuja kunichukua kunirudisha kwetu Mkange, kwa Land Rover waliyoikodi Msata. Dereva akasema barabara ni tope na yeye anataka kuondoka kabla jua halijazama. Shemeji naye alikuja na wachukuzi wawili na kamba, kwa sababu katika mgawo wa urithi televisheni ilikuwa imemwangukia yeye na mwisho wa eda ndio ulikuwa mwisho wa kunivumilia.

Sanduku langu likatangulia garini. Dereva akapiga honi. Nikaketi kwenye kiti mbele ya televisheni na udi wangu na khanga zangu mpya.

"Mwanangu, gari linangoja," mama yangu akasema.

"Lingoje."

"Shemeji, usitutie aibu mbele ya wageni."

"Aibu ipi? Miezi minne na siku kumi nimekaa hapa, hakuna aliyeniona kizingitini. Kila mlichosema nimefanya, hata pilipili nimeacha. Nusu saa hii ni yangu na ya mume wangu. Anayetaka kunitoa anibebe, na anibebe vizuri kwa sababu nitauma."

Kaka yangu ananijua tangu utotoni. Akaenda kumtuliza dereva. Mwalimu, ambaye alipaswa kuwa ameshaondoka tangu dua, akajiweka sawa pale barazani karibu na dirisha. "Kaa, bwana," akamwambia shemeji. "Jambo lenyewe fupi." Wakaswali Magharibi, wakarudi, wakaketi. Mama mkwe akatoka kwenda kushika boriti.

Kwenye picha chombo kilikuwa kimefika na watu wa zamu mpya. Mmoja, msichana, akapita kwenye korido akajikwaa kwa yule mwanamke. Akamuuliza lile swali tulilolingoja nusu mwaka. Nikapiga ukelele, "Mama, njoo! Acha boriti, njoo!" Akaja mbio, na kwa bahati picha ikatulia.

Nikawatafsiria wote kwa sauti, mpaka barazani.

"Anasema zamani alikuwa kituo kingine. Alilala chumbani mwake, mlango kafunga, usingizi mzito. Hewa ikakatika chumba cha pili. Yeye hakusikia. Asubuhi alipoamka..."

Sikuwahi kumwambia mtu. Usiku wa kwanza mpaka wa tatu nilikesha na mume wangu, namkanda, nasikiliza pumzi zake. Alfajiri ile ya Jumamosi nikajilaza kidogo tu ubavuni kwake. Nilipofumbua macho alikuwa ameshakwenda. Watu wakaniuliza alitamka nini mwishoni, nikawaambia alitamka shahada. Nilitunga. Sikusikia kitu, nilikuwa nimelala.

"Malizia," mama mkwe akasema.

"Asubuhi alipoamka, akawakuta wenzake wamekufa. Tangu siku hiyo halali ila mahali anapoweza kusikia pumzi za wote."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, hakupiga tena honi. Mwalimu akavuta pumzi kule nje.

"Haya," mama mkwe akasema. "Nani kapatia?"

"Mwanao."

"Mjuaji yule. Tangu mdogo."

Nikasimama, nikaizima mwenyewe. "Chukua, shemeji. Nimemaliza nayo." Akaanza kuuliza antena inaelekezwa wapi. Nikamwambia aitafute mwenyewe kama alivyoitafuta televisheni siku zote hizi.

Nikaingia garini pamoja na mama yangu. Mama mkwe akatufuata, akaweka mkono dirishani, akasogeza uso karibu na wangu.

"Siku ile ulikuwa umelala," akasema.

Nikaushika ule mkono wake wa dirishani.

"Nilisikia kupitia ukuta, pumzi zake zimebadilika. Nikaingia, nikakuona umezimia kwa usingizi. Sikukuamsha, ulikuwa umechoka mno. Nilimshika mimi mpaka mwisho, nikarudi chumbani kwangu kabla hujaamka. Na shahada aliitamka, mwanangu. Hukusema uongo."

Dereva akawasha gari. Nikafungua mlango nikashuka, khanga mpya kwenye tope. Mama yangu akauliza nakwenda wapi tena. Nikamwambia leo nalala hapa, chumba kimoja na huyu mama yangu wa pili, na asiyeweza kungoja aende.